Kwa Nini Karafuu Hazikuitajirisha Zanzibar?



Wakati wa likizo iliyopita sisi mafrateri wawili tulipangiwa kufanya utume katika jumuiya ndogo ndogo za Mtoni, wilayani Temeke. Jioni moja tulikuta akina mama wanachagua mchele wa pilau kwa ajili ya sikukuu ya somo wa jumuiya. Mtoto alitumwa dukani kwa Mpemba kuleta viungo, akarudi na kifuko kidogo cha karafuu za kuhesabika. Mama mmoja akakiinua juu wote wakione: "Hizi ndizo za mia tano?" Mzee aliyekaa kwenye benchi akamjibu kwamba watu wa visiwani wana dhahabu juu ya miti, ila uvivu unawaponza. Wangekuwa wachapakazi, alisema, wasingekuja huku Mtoni kutuuzia chumvi na viberiti.

Watu wakacheka, na sisi tukacheka. Kisha yule mama akatugeukia: "Frateri, ninyi ndio mnasoma falsafa. Eti ni kweli?"

Hatukuwa na jibu. Tulizungukazunguka kwa maneno, tukaanzisha sala. Lakini usiku ule kicheko chetu kilitusumbua. Yule Mpemba hufungua duka kabla kengele ya misa ya alfajiri haijalia, na hulifunga saa nne usiku. Tulimcheka mtu anayefanya kazi kwa saa nyingi kuliko sisi. Katika somo la mantiki tunafundishwa kwamba akili kwanza hukielewa kitu, ndipo hutoa hukumu. Sisi tulianza na hukumu. Makala hii ni jibu tulilopaswa kumpa yule mama jioni ile.

Visiwa viwili, ardhi tofauti

Tuanze na ardhi yenyewe. Zanzibar ni visiwa viwili vikubwa, Unguja na Pemba, pamoja na visiwa vidogo vingi vinavyovizunguka. Eneo lote halifiki kilomita za mraba 3,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.8. Hakuna mlima wa kutajika, na hakuna madini yanayochimbwa kama dhahabu ya Geita au tanzanite ya Mirerani.

Ukiwa Unguja ukasafiri kutoka mjini kwenda mashariki, utaona ardhi ikibadilika. Upande wa magharibi na kaskazini kuna udongo mzito unaokubali minazi, mikarafuu, migomba na mihogo. Upande wa mashariki na kusini, kama Paje, Jambiani na Makunduchi, ni maweni: mwamba wa matumbawe ya kale wenye udongo kiasi kidogo tu mashimoni. Huko watu tangu zamani wameishi kwa uvuvi, mifugo michache na vishamba vya kuhamahama.

Pemba ni tofauti. Imetenganishwa na bara na mkondo wa bahari wenye kina kirefu sana, wakati kina cha maji kati ya Unguja na Bagamoyo ni kifupi. Pemba ni nchi ya vilima vidogo vidogo na mabonde ya mpunga, na mvua zake ni nyingi kuliko za Unguja. Mabaharia Waarabu waliiita kisiwa cha kijani, na mkarafuu umeshika huko kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki.

Kwa hiyo, tangu mwanzo, utajiri wa karafuu haukuwa wa kila Mzanzibari. Mvuvi wa Jambiani hakuwa nao. Anayesema "wana dhahabu juu ya miti" amekwisha kukosea katika neno la kwanza, kwa sababu wengi wao hawakuwa na mti hata mmoja.

Mti uliokuja kutoka mbali

Mkarafuu haukuota Zanzibar wenyewe. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Waholanzi walipovitawala visiwa hivyo katika karne ya 17 waliruhusu karafuu zilimwe sehemu chache tu, hasa Ambon, na mikarafuu ya kwingine waliikata na kuichoma moto. Nia yao ilikuwa kwamba dunia nzima inunue kwao, kwa bei yao. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche, ikapandwa Morisi na baadaye Réunion. Mwanzoni mwa karne ya 19 miche ikafika Unguja.

Hapa tulishangaa kidogo. Mashamba ya kwanza yanayotajwa katika historia ya karafuu ya Unguja ni mawili: Kizimbani na Mtoni. Ni Mtoni nyingine, kaskazini ya mji wa Zanzibar, mahali Sayyid Said bin Sultan wa Oman alipojenga jumba lake. Sayyid Said aliona faida mapema. Aliwaagiza wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na aliyekataa alikuwa hatarini kunyang'anywa shamba. Baada ya miongo michache Zanzibar ikawa inatoa sehemu kubwa kabisa ya karafuu za dunia. Lakini kufikia miaka ya 1840 karafuu zilikuwa zimejaa sokoni na bei ikaanguka. Huo ulikuwa mwanguko wa kwanza, na haukuwa wa mwisho.

Jasho lililopanda mashamba hayo lilikuwa la watumwa. Walitolewa bara: Wanyasa, Wayao, Wamanyema, na hata Wazaramo wa pwani hii yetu. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Lakini kisheria utumwa wenyewe uliondolewa visiwani mwaka 1897, miaka 24 baadaye, na sababu mojawapo ya kuchelewa ilikuwa hofu kwamba karafuu zingekosa wa kuzichuma.

Historia ya Kanisa letu inagusana na historia hii. Mwaka 1860 Padre Fava alifika Zanzibar pamoja na masista, akitokea Réunion, kisiwa kile kile kilicholea miche ya karafuu. Mwaka 1863 wakaja Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao mwaka 1868 walivuka kwenda Bagamoyo. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kukomboa watumwa, hasa watoto, na kuwapa malezi. Hivyo karafuu na misioni zilipita njia moja ya bahari. Zao lilidai watu watumwe, misioni ikaja kuwakomboa.

Kazi ya kuchuma

Turudi kwenye neno "uvivu". Karafuu tunayotia kwenye pilau ni ua ambalo bado halijafunguka. Ikichumwa mapema mno inakuwa nyepesi, na ua likifunguka thamani yake imekwisha. Mchumaji ana siku chache tu kwa kila tawi. Mkarafuu mzima unafika mita 10 na zaidi, na matawi yake huvunjika bila kutoa ishara. Mchumaji hupanda na kamba na kikapu, anavuta tawi taratibu, anachuma kishada kwa kishada. Kila msimu wapo wanaoanguka.

Kazi haiishii mtini. Jioni familia huketi kuchambua, yaani kutenga karafuu na vikonyo vyake. Makonyo hayatupwi: hupelekwa kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, yakakamuliwe mafuta. Karafuu zenyewe huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa, na mvua ikitishia lazima zianuliwe mbio, kwa sababu zikilowa huharibika. Mchumaji wa kulipwa hupimiwa kwa pishi za karafuu mbichi. Msimu ukiwa mkubwa, shule za Pemba zimewahi kufungwa ili watoto wasaidie.

Mti nao una tabia yake. Unachukua miaka mitano hadi minane kabla ya kuzaa, kisha unaweza kuzaa kwa miongo mingi. Lakini hauzai sawasawa: mwaka mmoja unazaa kupita kiasi, miaka miwili au mitatu inayofuata unazaa haba. Mwenye mikarafuu hawezi kupanga bajeti ya nyumba yake kama mwenye mshahara. Hata hali ya hewa ina neno lake. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu.

Bei hupangwa na nani?

Hapa ndipo penye kiini cha swali la yule mama. Mkulima wa Pemba huamua lini apande na lini achume. Bei haiamui yeye. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mnunuzi mkuu wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia, nchi ile ile zilikotoka. Waindonesia hawakuzitaka kwa pilau. Walizisaga na kuzichanganya na tumbaku kutengeneza sigara ziitwazo kretek, ambazo mamilioni ya watu huzivuta kila siku. Mashamba yao hayakutosha, wakanunua Unguja na Pemba.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali iligawa ardhi kwa wananchi, ekari tatu tatu, na ununuzi wa karafuu ukawekwa mikononi mwa shirika la serikali. Bei ya dunia ilikuwa nzuri. Fedha za kigeni zilijaa kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi, wakati huku bara tulisubiri televisheni hadi mwaka 1994. Lakini katika miaka hiyo hiyo wananchi walipanga foleni kupata mchele na sukari. Karafuu zilileta fedha nyingi, ila sehemu ndogo tu ya bei ya dunia ilimfikia mchumaji na mwenye shamba.

Wakati huo huo Indonesia ilikuwa inapanda mikarafuu yake kwa wingi. Miaka ya 1980 miti hiyo ilikomaa, na mnunuzi mkuu akawa hahitaji tena kununua. Bei ikaporomoka. Wapemba hawakuwa wamebadilika, waliendelea kupanda miti na kuchambua usiku kama kawaida. Uamuzi uliowamaliza ulifanywa ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Mkulima akilipwa kidogo nyumbani, hutafuta penye afadhali. Majahazi yaliondoka usiku kwenda pwani ya Kenya, ambako gunia lilipata bei nzuri zaidi, na vita vya serikali dhidi ya magendo vikawa wimbo wa kila msimu. Hali ilibadilika pale serikali ilipobadili bei. Kuanzia mwaka 2011 Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar lilifuata utaratibu wa kumlipa mkulima takriban asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na magendo yakapungua sana. Funzo lake ni wazi: mkulima yule yule aliyeitwa mhalifu alipopata malipo ya haki, alileta karafuu mwenyewe mchana kweupe.

Visiwa viwili vilivyopata uhuru mwaka mmoja

Je, ni lazima kisiwa chenye zao moja kibaki hivyo? Tuangalie mifano miwili ya nje.

Nauru ni kisiwa cha kilomita za mraba 21 katika Bahari ya Pasifiki, kidogo kuliko baadhi ya kata za Dar es Salaam. Kilijaa fosfati, madini ya kutengenezea mbolea. Kilipata uhuru Januari 1968, na katika miaka ya 1970 wananchi wake walikuwa miongoni mwa watu wenye kipato kikubwa duniani. Serikali ilikuwa na shirika la ndege, na ilinunua majengo ya fahari nchi za nje. Akiba iliwekwa, lakini ilisimamiwa vibaya na kutapanywa. Mwishoni mwa karne fosfati ilikuwa karibu imekwisha, na katikati ya kisiwa pamebaki mawe yaliyochongoka pasipolimika. Kuanzia mwaka 2001, kwa vipindi, Nauru imepokea fedha za Australia kwa kuwahifadhi wakimbizi ambao Australia haiwataki kwake.

Morisi nayo ilipata uhuru mwaka huo huo, Machi 1968. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 2,000, dogo kuliko Zanzibar, na ilitegemea sukari karibu peke yake. Lakini ilipata soko la uhakika la sukari yake Ulaya, na badala ya kula faida yote, ilijenga viwanda vya nguo, kisha utalii, kisha huduma za fedha. Leo sukari ni sehemu ndogo ya uchumi wake. Visiwa vyote viwili vilikuwa na utajiri. Tofauti ilikuwa katika walichofanya siku za neema.

Leo: kutoka karafuu kwenda wageni

Zanzibar ya leo haiishi kwa karafuu peke yake. Utalii umezipita kwa mbali: mwaka 2023 visiwa vilipokea wageni zaidi ya 600,000. Hili ni jema, lakini maswali ya zamani yamerudi na nguo mpya. Hoteli nyingi ziko Unguja, kwenye fukwe za maweni yale yaliyokuwa maskini, huku Pemba ikipata wageni wachache. Na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege duniani, idadi ya wageni ilishuka hadi karibu nusu ya ile ya mwaka 2019. Tena uamuzi ulitoka ng'ambo, na mhudumu wa hoteli Paje akarudishwa nyumbani.

Wapo pia akina mama wa mwani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 maelfu yao, hasa pwani ya mashariki ya Unguja na huko Pemba, hufunga mwani kwenye kamba na vijiti maji yanapokupwa. Mwani huo husafirishwa kwenda kutengeneza viungo vya vyakula, dawa na vipodozi. Bei yao ni ndogo, na joto la bahari linapopanda, aina ya mwani yenye bei nzuri huoza kabla ya kuvunwa.

Tena kisiwa kinategemea mambo tusiyoyafikiria sisi wa bara. Umeme wa Unguja hupita kwenye waya chini ya bahari kutoka pwani ya Dar es Salaam. Mitambo ilipoharibika Desemba 2009, kisiwa kizima kilikaa gizani hadi Machi 2010. Karibu miezi mitatu! Sisi umeme ukikatika saa tatu tunalalamika hadi kwenye matangazo ya parokia.

Kanisa linafundisha nini?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae (II-II, swali la 77), anauliza kama ni halali kuuza kitu kuliko thamani yake au kukinunua chini yake, na anajibu kwamba ni kinyume cha haki, kwa kuwa biashara iliwekwa kwa manufaa ya pande zote mbili. Mwaka 1967, karafuu zilipokuwa bado na bei, Papa Paulo VI aliandika waraka Populorum Progressio. Katika namba 57 hadi 59 anaeleza kwamba nchi zinazouza mazao ghafi hukumbwa na bei zinazopanda na kushuka ghafla, na kwamba makubaliano ya hiari hayatoshi kuwa haki pale ambapo pande mbili hazina nguvu sawa. Ni kana kwamba alikuwa ameketi juu ya jamvi la karafuu Pemba.

Maandiko nayo yana mfano wetu. Yusufu alipofasiri ndoto ya Farao (Mwanzo 41) hakusema kwamba Misri ina watu wavivu au hodari. Alisema itakuja miaka saba ya shibe na miaka saba ya njaa, na akashauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba. Akiba haiozi, wanasema wahenga. Mkarafuu unaozaa sana mwaka huu na haba mwaka kesho unahubiri somo hilo kila msimu, kwa serikali na kwa nyumba zetu.

Na sisi wa Mtoni?

Tusidhani haya ni ya visiwani tu. Nyumba ngapi Mtoni zinategemea bandari: kuli, dereva wa lori, mama lishe wa Kurasini? Meli zikipungua, sadaka ya Jumapili nayo hupungua. Kila familia ina karafuu yake. Inafaa jumuiya zetu zijiulize: kipato chetu cha pekee ni kipi, ni nani anayekipangia bei, na tunafanya nini siku kinapokuwa kizuri?

Lakini funzo la kwanza ni letu wenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2477) inahesabu hukumu ya haraka kuwa kosa dhidi ya amri ya nane: kusadiki kosa la jirani bila msingi wa kutosha. Hatukuwa na msingi, tukacheka.

Kabla ya kurudi seminarini tulipita dukani kwa yule jirani, tukamwuliza kama ana mikarafuu kwao. Akasema marehemu baba yake alikuwa na michache, na kwamba yeye akiwa mdogo alikuwa anapanda matawi ya juu kwa kuwa alikuwa mwepesi. Alituonyesha kovu mkononi. Kisha akatupimia karafuu za mia tano, akaongeza chache juu yake. Tuliporudi jumuiyani tulimweleza yule mzee habari hizi zote, naye akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi, Frateri, mngeniambia siku ile ile."

Ni kweli. Tulipaswa kusema siku ile ile.